Makala ya Zebaki Iliyoandikwa "Ipo"

Siku mlipokuwa mnaniaga, mkuu wenu wa sasa alisema kwenye hotuba kwamba kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kunisikia nikipandisha sauti, kwamba nilikuwa mama mpole wa maktaba. Nilikula pilau yangu nikanyamaza. Sasa niko nyumbani, nina kuku na nina muda, na mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukitafuta makala za kitaalamu kabla ninyi hamjaja. Nitaandika. Lakini kwanza nisahihishe hotuba: sikuwa mpole. Nilikuwa na hasira. Maktaba ni mahali pa kunyamaza, na watu wakikuona umenyamaza wanadhani umeridhika.

Nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye chumba kile mnachohifadhia matairi. Kituo chetu cha utafiti wa afya pale Shinyanga kilikuwa na madaktari wachache, gari moja la kutembea na moja la kutazamwa, na maktaba yenye makabati matatu. Aliyenipokea ni Mzee Bundala, mkutubi wa kwanza wa kituo, mtu aliyevaa koti hata mwezi wa kumi. Siku ya kwanza hakunionyesha kitabu hata kimoja. Alinipa kitambaa akaniambia nifute vumbi kwenye droo zote za kadi, na wakati nafuta niwe nasoma. Nilifuta siku nne. Siku ya tano akaniuliza makala za kichocho ziko droo gani, nikamjibu bila kuinuka. "Haya, sasa umeajiriwa," akasema.

Kila makala ilikuwa na kadi yake: mwandishi, jina la makala, jarida, mwaka, kurasa. Pembeni, kwa penseli, tuliandika kama ipo au haipo. Kwa neno hilo la pembeni Mzee Bundala alikuwa mkali kuliko kwa kitu kingine chochote. Aliishika makala kwa mkono wa kushoto, kwa mkono wa kulia akaandika "ipo", na hakuiweka chini mpaka amalize kuandika. Nikamwona kama mzee mwenye visa vyake. Makala isiyokuwepo tuliiomba kwa kadi ya posta kwa mwandishi mwenyewe, popote alipo duniani, kwamba tafadhali tutumie nakala. Jibu lilikuja baada ya miezi mitatu au lisije kabisa, na mara nyingi likija daktari aliyeomba amekwisha kusahau alitaka nini.

Kisha ikaja kompyuta. Ililetwa na boksi lake, betri ya akiba kwa ajili ya umeme wetu unaojulikana, na disketi za programu ya kutunzia marejeo. Nikapelekwa Dar es Salaam wiki moja kujifunza. Sitawadanganya, niliipenda. Badala ya kufungua droo kumi, unaandika "zebaki" na "Geita", unabonyeza, na rekodi zinajipanga zenyewe. Dar walikuwa wanatutumia disketi zenye mihtasari ya makala, mamia kwa mpigo, nami nazimimina ndani ya programu mchana mmoja. Mzee Bundala alikuwa kwenye miezi yake ya mwisho. Alisimama nyuma yangu akatazama, kisha akauliza, "Hii inashika karatasi?"

"Hapana, mzee."

"Sasa inajuaje kwamba ipo?"

Nilicheka. Mtu mwenye cheti cha wiki moja hucheka upesi.

Kwa kweli programu haikujua. Kila rekodi iliyoingia kutoka disketi za Dar iliingia ikiwa na neno HAIPO, na hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa, kwa sababu tulichokuwa nacho ni muhtasari tu, mistari minane au kumi. Shida ilianza pale Mkuu wa kituo, aliyekuwepo wakati huo, alipopata habari kwamba wafadhili wanakuja kutembelea. Akataka orodha nzima ichapwe. Nikachapa. Akaifungua, ukurasa wa kwanza HAIPO, wa pili HAIPO, wa tano HAIPO.

"Mama Mihayo," akaniambia, "unataka wageni waone tuna maktaba ya hewa?"

"Mkuu, makala zenyewe hatuna. Tuna mihtasari."

"Muhtasari si sehemu ya makala? Kama sehemu ipo, ipo. Andika ipo."

"Mzee Bundala alisema..."

"Mzee Bundala amestaafu."

Programu ile ilikuwa na amri ya kubadilisha rekodi zote kwa mara moja. Nilifundishwa Dar, na mwalimu alituonya tuitumie kwa uangalifu kwa sababu ukishabadilisha hakuna kurudi nyuma. Niliandika IPO mahali pa HAIPO. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika. Nikajibu ndiyo. Mkuu aliniamuru, sawa, lakini kidole kilikuwa changu, na kwa hilo najikasirikia mpaka leo. Ilichukua muda mfupi kuliko chai kupoa. Makala zilizokuwepo kweli na zile ambazo hatukuwahi kuziona zikawa kitu kimoja, na hata mimi sikuweza tena kuzitofautisha bila kwenda kabatini. Wageni walikuja, wakafunua kurasa mbili, wakasifu, wakala kuku, wakaondoka. Nakala ya orodha hiyo nikaitia kwenye disketi na kuituma Dar, kwenye maktaba kuu iliyokuwa ikituagizia makala nje ya nchi. Ndivyo utaratibu ulivyotaka.

Miezi michache baadaye alikuja Mama Kulwa.

Nilisikia hodi, nikaona mwanamke wa rika langu mlangoni, khanga imepauka kwa vumbi la safari, na binti wa miaka kama minane nyuma yake.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, akiniita mama.

"Mwangaluka. Karibuni."

Yule binti akapiga goti. "Shikamoo."

"Marahaba, mama." Alinipa mkono, nikaushika. Ulikuwa unatetemeka. Nilidhani ni uoga wa mtoto mgeni, nikaushika muda mrefu kidogo ili atulie. Haukutulia.

Mama Kulwa alifungua fundo la khanga akatoa kadi mbili ndogo, moja imeandikwa namba thelathini na saba, nyingine thelathini na nane. "Nimefuata majibu," akasema. "Wale Wazungu walisema majibu yatakuja Shinyanga, kwenye kituo chenye gari jeupe."

Gari jeupe lilikuwa letu. Mwaka uliotangulia watafiti kutoka nje walipita kwetu, wakapewa gari na dereva, wakaenda Rwamgasa, Geita, kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Walichukua damu, mkojo na nywele za watu, wakawapa kadi zenye namba, wakapanda ndege. Kituo chetu kilipigwa picha nao.

"Walitukata nywele hapa kisogoni, mimi na huyu Kulwa," akaeleza. "Namba yangu ni hii, yake ni hii. Mimi kule mwaloni, penye kuoshea mchanga wa dhahabu, naosha marudio, ule mchanga ambao wenzangu wameshauosha. Natia zebaki, inakamata dhahabu, halafu nachoma. Nachomea jikoni juu ya kifuniko cha kopo. Huyu analala humo humo jikoni."

"Ameanza lini kutetemeka?"

"Toka kiangazi. Chaki haishiki. Mwalimu kasema asubiri nyumbani. Lakini ana pacha wake, Doto, yuko kwa bibi yake huku kwenye pamba. Doto anamtungia bibi yake uzi kwenye sindano. Wamezaliwa siku moja, mayu. Mmoja anatetemeka, mmoja hatetemeki. Mimi nimeona ni moshi. Baba yake anasema ni mambo ya ukoo, tutafute mganga. Anasema kama ni moshi, nimletee karatasi. Bila karatasi hatutoki pale na mtoto haendi popote."

Niliwapeleka kwa Dokta Luhende, kijana wa wakati huo, mmoja wa madaktari wachache waliokuwa wakisoma makala badala ya kuzibeba tu. Alimpima Kulwa, akamwambia achore mstari kwenye karatasi. Mstari ule ulikuwa wa kusikitisha. Aliponiita pembeni alisema, "Dalili ni za zebaki, lakini sina namna ya kupima, na damu yao iko Ulaya. Nikiandika 'huenda', baba yake ataicheka. Lakini wale watu lazima wamekwisha kuandika makala. Nitafutie, Mama Mihayo. Majibu ya mtoto yamo humo."

Nikarudi maktaba karibu nakimbia. Nikaandika maneno mawili, nikabonyeza. Ikaja, rekodi ya kwanza kabisa: Rwamgasa, zebaki, majina ya wale wale watafiti. Na chini yake, kwa herufi kubwa, IPO.

Kwa nusu dakika nilifurahi. Nilikuwa nimeshafungua kabati ndipo nikakumbuka ni nani aliyeandika neno lile. Ndani ya jalada mlikuwa na muhtasari tu. Ulisema kwamba baadhi ya wakazi wanaoishi karibu na sehemu za kuchomea dhahabu walikutwa na zebaki nyingi mwilini. Baadhi! Dokta aliusoma mara mbili, akaugeuza kuona kama kuna kitu nyuma. "Makala yenyewe iko wapi?" akauliza. Nikamwambia hatuna, nitaiagiza. Nikamwambia Mama Kulwa arudi baada ya miezi mitatu.

Nikaandika barua Dar kuomba makala iagizwe. Baada ya wiki tatu wakajibu: kwa mujibu wa orodha yenu, makala hiyo mnayo, tafadhali itafuteni kabatini. Nikaandika tena, nikaeleza kwamba orodha ina kosa. Jibu likawa barua ile ile, wamebadilisha tarehe tu. Nikaenda posta nikapiga simu. Bwana wa upande wa pili alikuwa na adabu zote.

"Mama, mimi nafuata orodha," akasema. "Siwezi kuagiza kitu ambacho tayari mnacho. Orodha kaandika nani?"

Nikakata simu. Nilikasirika mpaka nikashindwa kuona vizuri kurudi ofisini. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Mkuu na kuku wa wageni, nikajikasirikia mwenyewe. Nikawatumia watafiti kadi ya posta kwa anwani iliyokuwa kwenye muhtasari, halafu nyingine. Hawakujibu. Watu hao walijua njia ya kufika mpaka kisogoni kwa mtoto wa Rwamgasa, lakini Shinyanga ilikuwa imewapotea.

Mama Kulwa alirudi kama nilivyomwambia. Kutoka Rwamgasa kuja kwetu wakati huo ilikuwa safari ya lori mpaka Segese, kisha Kahama, ulale, kisha basi. Alikaa pembeni ya benchi. Akaniambia amejaribu kumlaza Kulwa nje ya jiko, lakini mvua zimeanza na nyumba nyingine hana, kwa hiyo amemrudisha ndani. Kuchoma hajaacha, akiacha hawali. Akaitazama kompyuta.

"Na hiyo haijui?"

"Haijui, mama."

"Wanasema inajua kila kitu."

"Inajua tulichoiambia," nikamjibu, na uso ukanichoma kwa aibu. Akaniomba samahani, yeye, kwa kunisumbua, akaondoka. Hiyo samahani ndiyo iliyonishinda.

Alipotoka nilifungua programu, nikaenda kwenye ile amri ya kubadilisha zote, nikaandika HAIPO mahali pa IPO. Mashine ikauliza kama nina uhakika. Safari hii nilikuwa nao. Maktaba nzima ikawa tupu, hata zile makala za kichocho ambazo droo yake niliifuta vumbi kwa mkono wangu. Nikanakili orodha kwenye disketi, nikaifunga kwenye bahasha, nikaipeleka stendi iondoke na basi la Dar, na barua ndani kwamba orodha ya zamani ni ya uongo, itupwe, na ombi la kwanza kwenye orodha mpya ni makala ya zebaki. Basi lilipoondoka ndipo nikaenda kumwambia Mkuu. Nina hasira, lakini si mjinga.

"Umeua maktaba!" akasema.

"Haikuwepo, Mkuu."

"Wafadhili wakiiona hiyo orodha nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli. Kuna mtoto anatetemeka kwa sababu sisi tumeandika tuna kitu ambacho hatuna! Nihamishe ukitaka, nipeleke hata bwawani nikahesabu vyura, lakini hilo neno sitaliandika tena mpaka niwe nimeishika karatasi!"

Nilipiga kelele mpaka wahasibu wakatoka nje. Waliokuwepo siku hiyo wote wameshastaafu, ndiyo maana hotuba yenu iliandikwa vile. Mkuu hakunihamisha. Hakusema nami wiki mbili, na wiki hizo nilifanya kazi vizuri sana. Nilitoa makala moja moja kabatini, naishika kwa mkono wa kushoto, naandika IPO kwa mkono wa kulia. Zilizokuwepo kweli zilijaa kabati moja na nusu. Vijana, hiyo ndiyo namna pekee, hata sasa. Hiyo programu yenu mpya inaweza kuwaonyesha alama ya kijani pembeni ya jina la makala. Fungueni faili. Someni ukurasa wa mwisho. Ndipo mseme mnayo.

Dar waliagiza. Chuo kimoja cha nje kikawatumia faili la PDF kwa barua pepe, la kwanza kufika kwetu. Lilikuwa kubwa kuliko disketi, wakalikata vipande vitatu kwenye disketi tatu, wakazifunga kwa gazeti, zikaja na basi. Nikaziingiza kwa mpangilio, na kompyuta yetu ikanionyesha kurasa za alama zisizosomeka. Haikuwa na programu ya kufungulia PDF. Nikazibeba mpaka dukani kwa Bwana Suresh, mfanyabiashara wa Kihindi aliyeuza karatasi na riboni za taipu toka zama za baba yake, ambaye sasa alikuwa na kompyuta mpya kuliko ya serikali. Alihangaika nazo mchana mzima mpaka vipande vikaungana. Printa ikaanza kutoa ukurasa mmoja mmoja. Ulipotoka wenye jedwali akaushika akausoma.

"Hawa wote ni watu wa hapa kwetu?" akauliza.

"Wa Rwamgasa."

"Na wao wanayo hii karatasi?"

"Hawana."

Akatikisa kichwa, akasimama pembeni ya printa mpaka ukurasa wa mwisho. Mimi niliusoma palepale kaunta, na nikaamua kwamba huo sitamsomea Mama Kulwa. Nilipomaliza nikarudi ofisini nikaishika, nikaandika IPO.

Nikampelekea Mama Kulwa habari kwa dereva wa lori, akaja wiki hiyo hiyo, na Kulwa wake. Tukakaa kwa Dokta Luhende. Makala ilikuwa ya Kiingereza. Mimi nilisoma na kutafsiri, Kiswahili kikigoma nikaingia Kisukuma. Jedwali lilikuwa na namba za watu bila majina. Thelathini na saba, zebaki nyingi. Thelathini na nane, nyingi kuliko mama yake. Nyingi kuliko wote kwenye ukurasa ule. Watafiti wenyewe waliandika kwamba mtu mwenye kiasi kile aondolewe karibu na moshi bila kuchelewa.

Dokta akaandika barua kwa Baba Kulwa, akaiambatanisha na nakala ya ukurasa wa jedwali, akagonga mhuri mara mbili kwa kuwa alijua mhuri unavyoheshimiwa. Karatasi ilifanya kazi yake. Baada ya siku chache Kulwa alipelekwa kwa bibi yake, alikokuwa Doto. Mikono ilitulia kiasi baada ya muda mrefu, akarudi shule. Uzi kwenye sindano hakuweza kuutunga. Aliendelea kutetemeka kidogo mpaka ukubwani, na mimi huwa nahesabu ile miezi: ya watafiti, ya orodha, ya barua za Dar. Siwezi kujua ni ipi iliyomwachia mtetemo ule, na kutojua huko ndiko kunakonikasirisha kuliko yote.

Lakini siku ile, barua ikiwa mkononi, Mama Kulwa hakuinuka. Aliona ukurasa mmoja umebaki kifudifudi mapajani mwangu.

"Na hapo mwisho wanasemaje?"

"Ni shukrani tu, mama."

"Nisomee."

Nikasoma. Waliwashukuru wakazi kwa ushirikiano wao. Kisha waliandika kwamba washiriki wote walipewa majibu yao na ushauri wa afya.

Dokta alitazama dirishani.

"Wameandika kwamba niliambiwa?"

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Hawakusema."

Alifikiri kidogo. Hakulia wala hakupandisha sauti. Mimi ndiye niliyekuwa nalia kwa hasira. "Basi twende kwenye hiyo kompyuta yako," akasema. "Uandike kwamba nimeambiwa leo. Siyo siku yao. Leo."

Tukaenda. Nikafungua rekodi ya ile makala, nikashuka mpaka sehemu ya maelezo, nikaandika tarehe, kisha kwamba namba thelathini na saba na thelathini na nane wamesomewa majibu yao leo na mkutubi, na kabla ya hapo hawakuwahi kuambiwa na mtu yeyote.

"Umeandika namba?"

"Ndiyo."

"Toa. Weka majina."

Nikatoa nikaweka majina, lake kamili na la Kulwa. Akataka nimsomee yote tangu mwanzo. Nikamsomea. "Ehe," akasema, "hapo sasa ni kweli," akamshika mtoto mkono wakaenda kutafuta basi.